Vali ya Kumi na Saba

Barua ilinikuta Bahati, nikikama ng'ombe.
Mshauri mwelekezi, siku tisini,
bila bima, bila marupurupu,
na chini kabisa, kwa herufi za sisimizi:
mkataba huu hauna ahadi ya kuendelea.
Nilicheka hadi ng'ombe akapiga ndoo teke.
Miaka miwili nakifuata kiinua mgongo changu
meza hadi meza, "faili halionekani, mzee,"
na leo walionipoteza wananitafuta.

Langoni Ekiru akanisukumia daftari la wageni.
Babake nilimfundisha mimi kusoma mita.
Jina: Zablon Chemwolo.
Unatoka wapi: nikasita.
Unamwona nani: nikaandika, bomba.

Injinia Kwamboka ana miaka ishirini na sita,
ana digrii, ana kishikwambi,
hana ajira. Yuko "mafunzoni" mwaka wa pili;
nafasi yake, wanasema, inangoja bajeti.
Siku ya tatu nikafahamu
kwamba bajeti yenyewe ndiyo mimi.

Kwenye kioo chake Nakuru ina mistari ya samawati,
imenyooka kama nguo ya Jumapili.
Hapa haikunyooka, nikamwambia.
Mwaka ule ardhi ilipasuka kule Rhonda,
ufa ukameza choo na mbuzi wawili,
tukalipinda bomba usiku kwa taa ya karabai.
"Nani alichora?"
Nani angechora? Mikono ilikuwa matope.

Tukaanza kutembea.
Vali ya tano ilikuwa chini ya kibanda cha mboga;
mwenyewe aliondoa magunia ya sukuma
akinitazama kama mwizi aliyerudi na risiti.
Ya tisa imefunikwa na lami ya uchaguzi.
Ya kumi na mbili niliikosa.
Niligonga chini kwa fimbo, nikasikiliza,
nikasema, chimbeni. Vijana wakachimba hadi saa nane.
Udongo mtupu.
Kwamboka akainamia simu yake isiyolia,
akanisitiri.

Siku ya themanini na sita mkubwa akanishika bega:
"Kazi ikibaki kidogo, mzee, tutaongeza tisini."

Ilikuwa imebaki moja.
Ile ya nyuma ya ukuta wa shule,
inayoweza kukausha nusu ya Langalanga.
Niliifukia na Omwaka, naye amelala Butere.
Basi niliitia mfukoni,
kama mtu anavyotia sukari ya hotelini.
Siku mbili nilitembea nayo.
Nilipiga hesabu ya karo ya mjukuu, ya mabati,
ya kuitwa tena injinia langoni, ingawa sikuwahi kuwa.

Siku ya pili mvua ilitufungia stoo.
Kwamboka aligawa mandazi yake, kubwa akanipa mimi,
akacheka kitu nisichokumbuka,
nami nikaona meno yake: yana kahawia,
kama yangu, kama ya kila mtoto
aliyelelewa na maji haya. Mzaliwa wa Kivumbini.
Maji yalikuwa yamemwandika kazi zamani.

Nikamwambia, chukua kalamu. Iko moja zaidi.

Hakunishukuru. Hakuuliza kwa nini nilichelewa.
Aliuliza tu: "Inafungwa kushoto au kulia?"
Kulia, nikasema. Mizunguko arobaini na mmoja,
na usiuamini ule wa arobaini:
hapo huwa inajifanya imefunga.