Ukurasa wa Mguu wa Kushoto

Ijumaa ndege inarudi kwa mwenyewe.
Miaka sita tumeikodi. Imeruka saa elfu kumi na moja
mia nne na tatu, na zote nimeziandika mimi,
Nyanzobe Masalu, chumba cha pili nyuma ya karakana,
feni moja, makabati saba, dirisha la kutazama ziwa.

Watu wakisikia nafanya kazi uwanja wa ndege
huniuliza nimefika wapi.
Shinyanga.
Lakini kila ribiti iliyokwenda Bukoba
ilirudi kwangu kutoa taarifa.

Mkaguzi alishuka na begi moja, kalamu nne.
Ndege hakuitazama. Aliomba makaratasi,
akayasoma kama shangazi wa bwana harusi:
umezaliwa wapi, nani kakulea,
ulipougua nani alikutibu, na sahihi yake i wapi?
Panga boi likajibu.
Injini ya kulia ikajibu, hadi jina la kiwanda.
Mguu wa kushoto ukanyamaza.

Machi, mwaka juzi. Ukurasa upo,
namba ya kipuri inasomeka,
na pale pa muhuri
pana kisubi mmoja, amebanwa,
mabawa yamenata kwenye karatasi.

Usiku ule naukumbuka. Mwezi mwandamo,
visubi wakapanda kutoka ziwani kama moshi wa jalala,
tukazima taa zote, fundi Bugingo
akamaliza kazi na tochi mdomoni.
Asubuhi niliwafagia kwa ndoo.
Muhuri hakuna aliyeukumbuka.

Nikapanda bodaboda hadi Igombe.
Amestaafu, anafufua injini za mitumbwi,
mikono ileile, mafuta mengine.
Akaushika ukurasa kwa ncha za vidole.
"Nilizikaza mimi. Nati nne, kwa spana ya kipimo."
Nikampa kalamu. Nikamwambia, andika tu tarehe ile,
nani atajua?
Akaitazama kalamu kama mtu aliyepewa samaki wa jana.
"Muhuri niliurudisha siku niliyoaga, Nyanzobe.
Leo mimi ni fundi wa mitumbwi.
Nendeni mkaufungue."

Nilirudi nikiwa na hasira, sikwambii.
Kuchelewa siku moja kuna faini,
na faini ile ni mshahara wangu wa miezi minane.

Tukaufungua. Jeki tatu, vijana wawili,
korongo wamepanga foleni juu ya uzio
kama wajumbe wa baraza lisilo na posho.
Zilikuwepo, nati nne,
na juu ya kila moja mstari mwekundu wa rangi
alioupiga Bugingo gizani,
haujakatika, haujasogea hata unywele.

Niliwaza kumpigia simu. Sikupiga. Alikuwa anajua.

Mkaguzi akainama, akamulika, akapima.
Kisha tukaandika: si Machi,
ni leo, kwa mkono wa leo,
na muhuri ukalia *paa* kwenye meza yangu.

Jumamosi ikaruka, na maboksi kumi na nane ya karatasi,
ikapinda juu ya mawe ya Bwiru,
ikawa kidoa, ikawa hakuna.
Ukurasa wa zamani niliuacha mahali pake,
maana rekodi haichanwi.
Na kisubi naye nikamwacha.
Amekwenda Ulaya huyo,
mzaliwa wa Mwanza, hana hata cheti.