Chachu ya Võru

Profesa Kuusik hakupaza sauti.
Aliinua chupa yangu kwenye mwanga wa dirisha,
akaitikisa kidogo, kama mtu anayekagua maziwa yaliyolala,
akauliza: Maarika, kwenu nani anaoka mkate?

Zilikuwa seli za figo ya panya.
Wiki tatu nimezilea kama vifaranga:
nyuzi thelathini na saba, hewa ya kupimwa,
mchuzi mwekundu unaogeuka manjano zikishaumaliza.
Nje mto Emajõgi umeganda, watu wanapita juu yake na mbwa wao,
mimi ndani nanawa spiriti mpaka viganja vinapasuka.
Na bado.

Chini ya darubini niliwaona wageni,
wa mviringo, wanang'aa, wawili wawili,
kila mkubwa na kichipukizi begani
kama mama aliyekataa kumshusha mwana.
Hamira.
Sikungoja kuambiwa. Mtu hasahau sura za kwao.

Jumapili nilikuwa Võru, jikoni kwa bibi.
Alifunua ndoo ya mbao: chachu ya unga wa rai,
ile ile aliyokuja nayo alipoolewa,
mavyaa wake akaikagua kabla ya kumkagua yeye.
Haijafa hata siku moja, alisema. Mwaka ule wa dhiki
tuliilisha kwanza, sisi tukafuata.
Nikakanda. Unga ukanipanda hadi viwiko,
ukajilaza kwenye mshono wa sweta,
na basi la jioni likanirudisha Tartu,
kopo la chachu mapajani,
na abiria elfu wasiolipa nauli.

Kinachoniuma si kosa. Kinachoniuma ni mtihani wa Novemba.
Nilichora safari ya sukari, hatua zote kumi,
kila kimeng'enya na jina lake refu,
na pale mwishoni, hewa inapotoka, nikachora kishale kidogo,
nikapewa alama zote
bila kukumbuka hata mara moja
kwamba kishale kile ndicho matundu ya mkate,
ndicho kinachoinua kitambaa cha bibi usiku,
yeye amelala, nyumba nzima inanuka uchachu.

Wenzetu walipocheka, Joosep hakucheka.
Chupa zake zilikaa rafu moja na zangu,
na tasnifu yake inatakiwa Mei.
Akahesabu miezi kwa vidole, akaachia katikati.
Neno pole lilinikwama. Nilikata mkate, nikamsogezea.
Alikula akiutazama ukuta.
Kisha akachukua kipande cha pili.
Mtamu, alisema. Mwuaji mtamu.

Kanuni mpya imebandikwa mlangoni, kwa mwandiko wa profesa mwenyewe:
aliyekanda unga asiingie hadi siku ya tatu.

Jioni tulizimwagia klorini, figo na hamira pamoja,
maana dawa haiulizi nani mwenyeji.
Tone moja nililibakiza. Nikalitia rangi ing'aayo gizani,
nikamtafuta mama mmoja mzee.
Kila mtoto anayejitenga humwachia kovu la pete ubavuni,
kovu lisilofutika, na ukiwa na subira unahesabu.
Nikafika kumi na nne, nikapoteza hesabu,
nikaanza upya.

Simu ikatetemeka mfukoni. Bibi:
Imefika salama? Umeilisha?

Nikavua glavu moja, nikamjibu:
Imefika, bibi.
Imefika kila mahali.