Chini ya Cherehani

Chachandu alikuja Jumatatu ndani ya boksi la sabuni,
Mhina kampakata njia nzima kutoka Pongwe,
kamba ya mkonge shingoni kama kifurushi cha posta.
Kitumbo chungu, miguu ya kuazima,
akakojoa kwanza kizingitini, ndipo akaingia.

Sajini hakubweka.
Aliinuka tu pale chini ya cherehani yangu,
kando ya pedali, kwenye vipande vya vitenge
alipolala miaka kumi na mmoja
nikishona sare za watoto wa Usagara,
akatoka uani, akaugeukia ukuta
kama mjomba asiyeshirikishwa kwenye mahari.

Nikanunua mabakuli mawili Mgandini:
la bluu la mwenyeji, jekundu la mgeni.
Ugali sawa, dagaa sawa, nilipima kwa upawa uleule.
Mgeni akaenda kula la mwenyeji.
Mwenyeji akaushika mkia wa mgeni,
hakung'ata, alishika tu,
kama mtu aliyeshika risiti ya madai.
Kelele zilizotoka hapo!
Bi Riziki akachungulia juu ya ukuta, ushungi mkononi:
"Mama Mhina, unachinja nini?"

Bi Riziki hapiti kwangu akiwa na udhu.
Hukunja buibui, huzungukia nyuma, huniita kwa mbali.
Lakini vichwa vya vibua hajapata kuvitupa jaani,
huvishusha ukutani kwa mfuko: "Vya yule wako."
Jumatano ile alisema, "Vya hao wako."
Yeye ndiye wa kwanza kuwahesabu wawili.

Usiku Chachandu alimlilia mama yake.
Mimi niliamka mara tatu.
Sajini hata hakugeuza shingo,
nikasema moyoni, lo, uzee umemtia jiwe kifuani.

Hata Ijumaa muuza mkaa akagonga geti.
Sajini kalala.
Akagonga tena. Kalala.
Ndipo nikakumbuka: tangu Mfungo hajambwekea mtu,
na mimi nikauita ustaarabu.
Kumbe masikio.
Kumbe zile usiku tatu hakukataa kilio, hakikumfikia.

Chachandu akasimamisha sikio moja
(la pili bado halijajua kusimama).
Sajini akaliona.
Akalitazama sikio, akalitazama geti,
akabweka ile sauti yake ya behewa tupu,
gunia likamponyoka muuza mkaa.
Mdogo akaruka, akajikojolea, akarudi,
akamwangalia mkubwa
kama nilivyomwangalia fundi Mbaruku
siku aliponionyesha kutunga uzi bila kuitazama sindano.

Sasa wote wawili wako chini ya cherehani.
Sikuona nani alimkaribisha nani;
nilikuwa nakata mikono ya shati.
Mwenye bluu hula jekundu, mwenye jekundu hula bluu,
upawa nimeurudisha jikoni.
Mguu wangu ndio umekosa makazi,
nakanyaga pedali kwa upande, mshono unakwenda tenge,
juzi nimefumua kola mbili.

Usiku mdogo huota, huanza kulia.
Mkubwa hasikii.
Lakini ubavu umegusa ubavu,
kilio kinapita kwenye ngozi,
na bila kufumbua macho
anasogea.