Kabla ya Pengo

Mwaka wa kumi na moja huu nafungasha biskuti mjini Carlisle,
zamu ya usiku, mkanda ukipita bila salamu,
na zile zilizovunjika tunaruhusiwa kula.
Nilikula. Nani angekataa?
Chai ya saa tisa ina vijiko vinne:
kimoja cha utamu, vitatu vya kukaa macho.

Kwa daktari wa meno sikwenda.
Korogwe, nikiwa darasa la tatu,
mtu mmoja mwenye koleo alinibana kwa magoti,
akaniambia fumba macho, nikafumba,
akaniambia haiumi.
Tangu hapo neno hilo, likisemwa na aliyevaa glavu,
huniuma kabla ya sindano.

Ila Nuhu alipotimiza miaka sita barua ilikuja kutoka shuleni,
na barua haimshiki mtoto mkono.
Nikampeleka. Mvua ya huku,
isiyomnyeshea mtu juu bali ndani.

Daktari Routledge alitoka mwenyewe hadi mlangoni,
mwanamke mrefu, soksi zake hazifanani.
Hakuniuliza jino lipi.
Aliuliza, "Nyumbani kwenu nani anapika?"
Akauliza, "Wewe unalala saa ngapi?"
Kile kiti kikubwa hakukilaza.
Alivuta stuli akakaa chini yangu,
nikawa namtazama utosini, mvi tupu, pini moja imelegea.
Siku hiyo hakumwambia mtu apanue kinywa.
Changu kilifunguka chenyewe: nikasema.

Mara ya pili alinipa kioo nikishike mimi.
"Tazama," akasema, "hapa fizi imekasirika."
Hakusema mimi mchafu. Fizi imekasirika,
kama aletaye habari za jirani tunayemjua sote wawili.
Nikauona ule utando, mwembamba kama ukoko wa uji,
nikacheka: kumbe kikulacho ki kinywani mwako!
Nikamfasiria. Akaandika.
Nuhu alikuwa sakafuni anampigia mswaki mamba wa plastiki,
anamsema kwa Kiswahili, kwa sauti yangu.

Chai hakunikataza.
"Vile vitatu vya kukaa macho," alisema,
"tuvitafutie kazi nyingine, polepole."
Februari, theluji imegeuka tope Botchergate,
nikashuka hadi viwili, nikakwama.
Nilimwambia kwa aibu. Akasema viwili si vinne.
Hapo ndipo nilipo hadi leo.

Jino moja halikuokoka, sitadanganya.
Gego la chini, kushoto, lilioza kabla hatujajuana.
Hakusema haiumi.
Alisema, "Itauma, hapa, mpaka uhesabu kumi.
Ukiinua mkono nitaacha."
Niliinua kwenye nne, ili nione tu.
Akaacha.

Wahenga walisema jino la pembe si dawa ya pengo,
wakaishia hapo, wakatuachia pengo letu.

Mwaka huu amestaafu.
Mrithi wake, kijana wa Workington, masikio mekundu,
alinigeuzia skrini niione faili yangu.
Nilitarajia namba za magego.
Zilikuwepo. Na chini yake, mwaka baada ya mwaka:
*Kioo ashike mwenyewe.*
*Usimwambie haiumi.*
*Mama yake, Korogwe, macho yanafifia. Muulize.*
*Vijiko viwili. Usimsukume.*
*Kikulacho: akueleze maana, atacheka.*
Kijana akakohoa. "Mama," akasema, "anaendeleaje?"
Nikamwambia. Ilichukua dakika sita
na huko nje kulikuwa na mtu anasubiri.

Usiku ule kiwandani Danuta alikuwa kashika shavu,
biskuti zinampita, nzima na vipande,
hachukui hata moja.
Ulimini lilinifikia lile jepesi: nenda kwa daktari.
Nikalimeza.
Nikavuta kreti tupu, nikakaa, nikawa chini yake kidogo.
"Danuta," nikamuuliza,
"jana ulilala?"