Sikio la Kufa

Wenye Kliniki ya Masikio,
barua yenu imenifikia Jumanne,
karatasi nzito, nembo ya sikio la bluu.
Mnasema kumetokea "tukio la kiusalama".
Mnasema mnasikitika.
Neno "wizi" nimelitafuta mbele na nyuma,
nikavaa miwani, nikalitafuta tena.

Miaka ishirini na saba nilisimama kati ya mitambo ya kufumia,
hapa hapa Łódź, pamba ikielea kama theluji iliyoingia ndani,
kelele zikizidi hata tukawa tunasomana midomo.
Ndiyo maana nilikuja kwenu.
Mkaniketisha katika chumba kisicho na mwangwi,
mkasema: ukisikia mlio, bonyeza.
Nilibonyeza hata pasipo mlio,
kwa aibu.
Hilo nalo mliliandika, nadhani.
Hilo nalo limekwenda.

Limekwenda na jina la baba yangu
na namba yangu ya utambulisho, tarakimu kumi na moja,
sita za mwanzo zikiwa siku aliyonizaa mama.
Nywila hubadilishwa. Kitasa hubadilishwa.
Aprili nitaibadilishaje?

Jumatano simu ikalia. Sauti changa, yenye adabu:
"Bibi Bogumiła Wrzos, hapa ni benki,
pesa zako zimo hatarini, nisomee msimbo uliotumiwa."
Alijua sikio langu la kushoto ndilo bovu zaidi.
Alisema polepole, akitamka kila silabi,
jinsi mwanangu asivyojisumbua kusema nami.
Nusura nimpende.
Nikamwambia: sikusikii, kijana, rudia.
Akarudia.
Sikusikii.
Mara sita, mpaka akakata mwenyewe.
Ndipo nikaipigia benki, kwa namba iliyo nyuma ya kadi.

Seweryn wa ghorofa ya chini,
anayesomea sheria na kuniazima sukari asiyorudisha,
akanipeleka ofisi ya mji tukaifunga ile namba,
mtu asije akakopa pikipiki kwa siku yangu ya kuzaliwa.
Dakika tano, bila malipo.
Kumbe ulinzi wote ulikuwa hapo, nyuma ya dirisha la tatu,
na barua yenu haikuutaja.
Polisi alichapa taarifa yangu kwa vidole viwili.
Nilingoja. Nikadai nakala.

Jioni Seweryn alinisomea sheria ya Ulaya
akinielekezea uso, ili niione midomo.
Basi sasa nisikieni nyinyi.

Nataka nakala ya kila mlichoandika juu yangu,
hata vile vibonyezo vya uongo. Mna mwezi mmoja.
Nataka kujua mmewapa nani wengine,
na sikio hupimwaje kwa jina la baba.
Na mlijua lini? Tangu mlipojua, mlikuwa na saa sabini na mbili
kuiarifu mamlaka. Barua yenu ina tarehe ya kuandikwa,
ya wizi haina.

Kuhusu betri za bure mlizoniahidi, asanteni.
Chini ya fomu, kwa herufi za sisimizi,
pameandikwa kwamba nikizipokea sitadai kitu tena.
Fomu nimeiwekea kikombe. Saini haina.

Mamlaka kule Warsaw nimewaandikia pia.
Na usingizi nilioupoteza, na sanduku la posta ninaloliogopa,
Seweryn anasema hata hayo mahakama huweza kuyapima,
ila nitatakiwa kuyathibitisha, na huenda nikashindwa.
Sawa. Nimeshindwa na vitu vikubwa kuliko nyinyi.

Wanasema sikio la kufa halisikii dawa.
Langu lilikufa zamani, kiwandani,
na nikivua kifaa usiku, nikakilaza ndani ya kisosi,
kimya kilichokuja kilikuwa mali yangu peke yangu.
Sasa nalala nikiwaza: yuko mtu mahali
mwenye mchoro wa usikivu wangu mkononi,
mstari ule unaoporomoka upande wa kulia,
naye anajua
ni sauti zipi nikijiwa nazo mlangoni
sitazisikia.

Nangoja majibu yenu.
Yawe ya maandishi.