Bado

Kadutu nyumba zinapandana migongoni:
bati la Bwana Cirimwami liko chini ya miguu yangu,
uwanja wake naujua kama sahani yangu.
Alfajiri anapiga mswaki, bunduki begani,
anatema povu kwenye mihogo.

Nilienda kituoni na faranga za karatasi,
maana wao karatasi hawana.
Uwanja ni wa nani?
Wake.
Amevuka ua?
Hapana.
Amekupiga?
Bado.
Afande akaliandika hilo "bado", akalipigia mstari,
akasema nirudi likibadilika.

Jioni walishuka wawili, kwa nauli niliyowalipia.
Nikiwa kwenye kamba ya nguo niliwaona
wameketi, chupa mbili mezani,
mmoja anaipima bunduki mkononi
kama mtu anayenunua samaki.
Wakanipungia.

Jana upepo wa ziwani
ulinyakua shati la shule la Nabintu, ukalitupa kwake.
Akapanda ngazi za udongo, polepole,
akabisha hodi.
Shati lilining'inia kwenye mdomo wa bunduki,
halina hata vumbi.
"Mama, nguo yenu."

Nikalipokea kwa mikono miwili.
Nikasema aksanti.