Visanduku

Mama Nyafwono wa ofisi ya ustawi, kiwandani Tororo,
kanipa karatasi, na kalamu iliyofungwa uzi mezani.
"Weka vyema tu. Hakuna jibu baya."

Ulikuwa mgeni shuleni?
Vyema. Nilitoka Arua muhula ukiwa katikati,
na sanduku la bati lenye jina la kaka yangu marehemu,
ANGUYO, rangi nyeupe, herufi za mjomba.
Bweni zima likaniita Anguyo.
Wanasema mnyonge hana haki.
Mimi nilikuwa nayo moja, ya kuitika.

Ulikuwa mdogo wa umbo kuliko wenzako?
Kaptula niliikaza kwa kamba ya katani.
Vyema.

Ulikuwa na tatizo la kusema?
Herufi P ilinikwama kooni kama punje ya mahindi,
na chakula chetu kilikuwa posho,
Jumatatu posho, Jumapili posho.
Nilinyoosha sahani tu. Mgawaji akainua kijiko,
akakiacha hewani kikitoa mvuke.
"Sema kwanza."
Mstari mzima nyuma yangu ukangoja kwa furaha.

Ulikuwa na rafiki hata mmoja?
Hapa kalamu imesita.
Kulikuwa na Ekisa. Usiku alinimegea chapati,
mchana hakunijua.

Ulimwambia mtu mzima?
Mwalimu wa zamu. Akasema mwanamume hujikaza.
Nikajikaza,
kama msumari unavyojikaza,
kichwa juu, wapate pa kugonga.

Sehemu ya pili: miaka ya kwanza kazini.
Mkataba wa muda? Vyema, miezi mitatu mitatu,
na aliyeshika muhuri alicheka kuliko wote.
Walinituma stoo nikalete kilo mbili za upepo.
Nilipanga foleni. Nilisaini kitabu.
Asubuhi moja nikakuta buti zangu zimejazwa saruji ya maji,
zimekuwa jiwe, mguu wa kulia na wa kushoto,
na bei yake ikakatwa mwisho wa mwezi.

Nimeweka vyema hadi karatasi imechoka.
Maswali yote ni yangu: kimo changu, ulimi wangu, kwetu,
kana kwamba saruji ilijikoroga yenyewe
usiku, ikatafuta namba ya buti,
ikaingia.

Kisha, mwaka wa pili, akaja Wabwire,
kijana wa Busia mwenye jicho la kengeza.
Wakamtuma stoo kwa kilo mbili za upepo.
Siku hiyo stoo nilikuwa mimi.
Nilimtazama. Niliijua ile karatasi mkononi mwake,
mwandiko ulikuwa uleule.
Nikamwuliza, "Gunia umekuja nalo?"

Watu wakashika mbavu.
Kwa mara ya kwanza kicheko kilinipita pembeni,
kikaenda kutua kwa mwingine,
na kilikuwa kitamu, sitasema uongo,
kitamu kama maji ya kuazima.

Natafuta kisanduku cha hilo.
Nimegeuza karatasi. Nyuma ni tupu,
ila doa la chai la mtu aliyenitangulia.

"Umemaliza?" anauliza Mama Nyafwono.
Nataka kumwambia pana kitu kimesahaulika.
P...
P...
Anangoja.
Mikono yake iko mezani, yote miwili.
Hajashika kijiko.